Kodi ya Mabenki ya Ulaya: Asiyeweza Kukimbia Ndiye Alipaye

TANGU msukosuko wa fedha wa mwaka 2008, Serikali za Ulaya zimekuwa zikijiuliza swali moja ambalo hadi leo halijapata jibu la pamoja: benki itozwe kodi gani, kwa kiasi gani, na nani aitoze? Wapo wadhanio kwamba hilo ni swali la wahasibu na mawaziri wa fedha peke yao. Sivyo hata kidogo. Ni swali la mwenye duka, la mstaafu na la mvuvi mwenye akiba yake ndogo. Benki isipolipa kodi iliyo haki yake, pengo huzibwa na mwananchi. Na ikitozwa kwa njia isiyofaa, pengo huzibwa na mwananchi yule yule.

Sisi wakaazi wa visiwa tunayo sababu ya pekee ya kuyafuatilia mambo haya, kwa kuwa somo lake lililo chungu kuliko yote lilitolewa kisiwani. Cyprus, nchi ndogo ya Bahari ya Mediterania, ilijenga uchumi wake kwa kuwavutia wageni wenye fedha. Makampuni yalitozwa asilimia 10 tu ya faida zao, na amana kutoka nje zikamiminika hata mali za mabenki zikapita pato zima la taifa mara saba. Mabenki hayo yakanunua kwa wingi hati za mikopo ya Serikali ya Ugiriki. Ugiriki iliposhindwa kulipa, na wadai wake wakalazimika mwaka 2012 kusamehe zaidi ya nusu ya thamani ya hati hizo, mabenki ya Cyprus yakabaki na shimo ambalo Serikali ya kisiwa haikuwa na uwezo wa kulifukia.

Usiku wa kuamkia tarehe 16 Machi 2013, mawaziri wa fedha wa nchi zinazotumia sarafu ya euro walikubali kuikopesha Cyprus hadi euro bilioni 10, kwa sharti kwamba wenye amana wote wakatwe kodi ya mara moja: asilimia 6.75 kwa amana zisizozidi euro 100,000, na asilimia 9.9 kwa zile zinazozidi hapo. Yaani bibi kizee aliyejiwekea euro 10,000 angekatwa euro 675 kwa kosa asilolitenda. Wananchi wakajaa barabarani. Tarehe 19 Machi Bunge likaikataa kodi hiyo: kura 36 zilipinga, wajumbe 19 hawakuelemea upande wowote, na hapana hata mmoja aliyeunga mkono. Mapatano mapya ya tarehe 25 Machi yaliwaokoa wenye amana ndogo. Hata hivyo, benki ya pili kwa ukubwa ikavunjwa, na waliokuwa na zaidi ya euro 100,000 katika benki ya kwanza walinyang'anywa asilimia 47.5 ya ile ziada, ikageuzwa kuwa hisa za benki yenyewe. Kwa karibu wiki mbili milango ya mabenki yote ilifungwa. Kodi ya makampuni nayo ikapandishwa hadi asilimia 12.5.

Tuyatazame hayo kwa makini. Mchango ambao ungepaswa kukusanywa kidogo kidogo katika miaka ya neema ulidaiwa kwa usiku mmoja katika mwaka wa dhiki. Aliyeulizwa kwanza hakuwa mkurugenzi aliyenunua hati za Ugiriki, wala mwenye hisa aliyekula faida. Alikuwa mwenye amana, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwapo na asiyeweza kukimbia.

Inafaa basi kueleza ni kwa nini mabenki ya Ulaya huonekana kutozwa kidogo kuliko biashara nyingine. Mwaka 1977 nchi za Soko la Pamoja zilipopatana juu ya kanuni za kodi ya ongezeko la thamani, huduma nyingi za fedha ziliachwa nje ya kodi hiyo, na msamaha huo ungalipo mpaka sasa. Sababu yake haikuwa upendeleo mtupu. Muuza nguo hununua kitambaa kwa bei inayojulikana na kuuza shati kwa bei inayojulikana. Tofauti yake hupimwa kwa urahisi. Benki je? Humpa mwekaji riba ya asilimia 2, kisha humtoza mkopaji asilimia 5. Ndani ya zile asilimia 3 zilizobaki mna ujira wa kumhudumia mwekaji, ujira wa kumhudumia mkopaji, fidia ya hatari ya kutolipwa, na faida. Kuvigawa vitu hivyo katika kila mkopo ni kazi ngumu, na watunga sheria wakaikwepa.

Matokeo yake yana pande mbili. Mwananchi wa kawaida hailipi kodi hiyo katika riba ya mkopo wake wa nyumba, hali muuza samaki hulipa anapotengeneza mashua yake. Kwa upande wa pili, benki haiwezi kurudishiwa kodi iliyolipa iliponunua mitambo na samani, kwa hiyo huificha ndani ya gharama, na mfanyabiashara anayekopa huilipa bila kuiona. Tume ya Ulaya ilipendekeza mwaka 2007 kanuni hizo zirekebishwe; nchi wanachama hazikupatana, na pendekezo likaishia makabatini.

Msamaha huo ulipoacha pengo, kila nchi ilijaribu dawa yake. Uswidi ilitangulia. Mwaka 1984 iliweka kodi juu ya ununuzi na uuzaji wa hisa, ikaiongeza maradufu mwaka 1986, na mwaka 1989 ikaipeleka hata kwenye hati za mikopo. Maji hufuata mkondo. Kufikia mwaka 1990 zaidi ya nusu ya biashara ya hisa za Uswidi ilikuwa imehamia London. Kodi ya hati za mikopo, iliyotarajiwa kuleta krona milioni 1,500 kwa mwaka, haikupata kuleta zaidi ya milioni 80. Kabla ya mwaka 1991 kwisha, yote yalikuwa yamefutwa.

Wengi husimulia kisa hicho ili kuthibitisha kwamba benki haitozeki. Lakini Uingereza, ambako biashara hiyo ilikimbilia, nayo hutoza ushuru wa asilimia 0.5 kwa hisa za makampuni yake, na soko la London halikufa. Tofauti ni kwamba Uswidi ilimtoza dalali wa nyumbani, ambaye mteja angeweza kumwepuka kwa kupiga simu ng'ambo. Uingereza huutoza umilikaji wenyewe wa hisa, awe mnunuzi yuko London au Singapore. Kwa hiyo namna ya kutoza ina uzito kuliko ukali wa kutoza.

Somo hilo lilizingatiwa kiasi mnamo tarehe 28 Septemba 2011, Tume ya Ulaya ilipopendekeza kodi ya pamoja ya biashara za fedha: asilimia 0.1 kwa hisa na hati za mikopo, na asilimia 0.01 kwa mikataba inayotegemea bei za vitu hivyo. Ilikadiriwa kuleta euro bilioni 57 kwa mwaka. Lakini katika Umoja wa Ulaya mambo ya kodi huhitaji ridhaa ya kila mwanachama, yaani kila nchi ina kura ya turufu, na Uingereza na Uswidi zilikuwa mbele katika kupinga. Mwaka 2013 nchi 11 zikaruhusiwa kuendelea peke yao, zikiongozwa na Ujerumani na Ufaransa. Baadaye Estonia ikajitoa, na zile 10 zilizobaki zikazungumza miaka nenda miaka rudi bila ya kufikia tamati. Ufaransa ilikuwa imekwisha kuanza kodi yake mwaka 2012, Italia ikafuata mwaka 2013, na Hispania mwaka 2021.

Kisha ukaja wakati wa riba kubwa. Kuanzia Julai 2022 Benki Kuu ya Ulaya ilipandisha riba ili kupambana na bei za vitu, na kufikia Septemba 2023 ililipa asilimia 4 kwa fedha ambazo mabenki huziweka kwake. Mabenki yakawatoza wakopaji zaidi mara moja, lakini hayakuwa na haraka ya kuwaongezea wawekaji. Faida zikafura bila ya jasho. Hispania ikatoza asilimia 4.8 ya mapato ya riba na ada ya mabenki makubwa, ikaandika katika sheria kwamba mzigo huo usihamishiwe kwa wateja, na mwaka 2023 ikakusanya zaidi ya euro bilioni moja.

Italia ilikuwa na pupa. Tarehe 7 Agosti 2023 ilitangaza ghafla kodi ya asilimia 40 juu ya ziada ya mapato ya riba. Kesho yake hisa za mabenki zikaporomoka, na Serikali ikaanza kurudi nyuma. Hatimaye mabenki yalipewa hiari: kulipa kodi, au kuweka kiasi cha mara mbili na nusu ya kodi hiyo katika akiba zao wenyewe. Mabenki makubwa yakachagua akiba, na Hazina ikabaki mikono mitupu.

Ipo njia nyingine ambayo viongozi wa kila bara hupenda kuikimbilia kwa kuwa ni nyepesi kukusanya, nayo ni kukata fungu katika kila fedha inayopita. Hungaria ilianza mwaka 2013 kutoza malipo ya benki na utoaji wa fedha taslimu. Mabenki yakapandisha ada, wateja wakalipa, na mwaka uliofuata Serikali ikalazimika kuamuru kwamba kila mteja apewe nafasi ya kutoa fedha mara mbili kwa mwezi bila ada. Nasi hatuna haja ya kwenda mbali kulielewa hilo. Tozo ya kutuma na kutoa fedha kwa simu iliyoanza Tanzania Julai 2021 ilipigiwa kelele na wananchi hata ikapunguzwa kwa asilimia 30 mnamo Septemba ya mwaka huo huo, na ikapunguzwa tena mwaka 2022. Kodi ya namna hii huitwa kodi ya huduma za fedha, lakini anayeilipa ni mama anayemtumia mwanawe nauli ya skuli.

Maoni yetu ni haya. Benki itozwe juu ya kile inachokichuma, wala si juu ya fedha za watu zinazopita mikononi mwake. Njia ya kufanya hivyo inajulikana. Mwaka 2010 Shirika la Fedha la Kimataifa liliyashauri mataifa 20 makubwa yafikirie kodi juu ya jumla ya faida na mishahara ya mabenki. Ukijumlisha viwili hivyo, umepata thamani ambayo benki imeiongeza, bila ya kuhangaika kupima kila mkopo. Na bonasi za mamilioni wanazolipwa wakubwa haziponyoki. Denmark hutoza mishahara ya sekta ya fedha mahali pa kodi ya ongezeko la thamani. Iceland, kisiwa kilichoangukiwa na mabenki yake matatu mwaka 2008, ilianza mwaka 2012 kutoza mishahara hiyo pamoja na faida iliyo kubwa mno. Hatukusikia kwamba shughuli za benki zimekoma Copenhagen au Reykjavik.

Mabenki yatajibu kwamba yamekwisha kuchangia. Ni kweli kwamba nchi za euro zimekusanya kutoka kwao mfuko wa kuvunjia mabenki mabovu, uliofikia euro bilioni 78 mwishoni mwa mwaka 2023. Lakini hiyo ni bima. Mwenye gari hulipa bima, na kodi ya barabara hulipa pia. Yatasema vile vile kwamba gharama itamwangukia mteja. Sehemu yake itamwangukia, hatukatai. Ndivyo ilivyo kwa kila kodi. Ila ni nyepesi zaidi mteja kuikwepa benki iliyopandisha ada kuliko kuikwepa kodi iliyokatwa ndani ya akiba yake.

Hoja iliyo na uzito ni ile ya kukimbia, na kwa hoja hiyo kidole kimoja hakivunji chawa. Jersey na Guernsey huyatoza makampuni mengi sifuri na yale ya fedha asilimia 10, na mradi tofauti za namna hii zipo, benki ya Paris au Frankfurt itakuwa na mlango wa nyuma. Hata hivyo, mapatano yanawezekana. Mwezi wa Desemba 2022 nchi zote za Umoja wa Ulaya zilikubali kima cha chini cha kodi cha asilimia 15 kwa makundi ya makampuni yenye mapato ya euro milioni 750 na zaidi, ijapokuwa chache ndogo, Malta ikiwamo, ziliruhusiwa kuchelewa. Jersey na Guernsey nazo zikakifuata kima hicho mwaka 2025. Waliosema mwaka 2011 kwamba haitawezekana kamwe, wangalisema hivyo hivyo juu ya hili.

Kwa viongozi wetu wa Bara na Visiwani, ambao wana vyombo viwili vya kukusanya kodi ndani ya Jamhuri moja, funzo li wazi. Tofauti za kodi zisizozungumzwa huwa njia za kupitia wenye uwezo. Tena wapo watakaokuja na shauri kwamba kisiwa kitatajirika kwa kuzipokea fedha za kigeni bila ya kuzitoza na bila ya kuziuliza zilikotoka. Wakija, waulizwe habari za Cyprus. Fedha za wageni huja kwa ndege na huondoka kwa ndege. Mwenye kisiwa hubaki na kisiwa chake, na deni lake.