Moshi jikoni, mtoto tumboni

Wandugu, Butembo na Beni tumezoea kuhesabu wafu wa panga na risasi. Moshi ya makala, nani anaihesabu? Mama mjamzito wa mtaa maskini anapika ndani ya chumba kidogo. Moshi inaingia mapafu, sumu yake inapita ndani ya damu, inafikia mtoto. OMS inasema: inaongeza hatari ya mtoto kuzaliwa chini ya kilo 2,5 ao kufia tumboni. Mwenye pesa anapikia umeme ao gazi. Kumwambia maskini aache makala bila kumpa umeme ni kumcheka. Katiba yetu, kifungu cha 48, inatupa haki ya umeme. Serikali, shusha bei ya kuingiza umeme nyumbani! Uzito wa mtoto usitegemee mfuko ya mzazi.