Nani Awachagulia Wana wa Mukuru Gemu za Kucheza?

Kila shule zifungwapo, lawama zile zile huzuka upya: kwamba vibanda vya gemu vya Mukuru kwa Njenga vimewameza wanafunzi wetu. Walimu hunung'unika, wazazi hutishia viboko, nao wazee wa mtaa hudai vibanda hivyo vifungwe. Kisha muhula huanza, kelele hutulia, na vibanda husalia pale pale vilipokuwa. Safu hii haikusudii kuongeza lawama juu ya lawama. Inakusudia kuuliza swali ambalo halijaulizwa katika kelele zote hizo: ni nani aamuaye gemu ipi inunuliwe, na mtoto acheze ipi baada ya hii aliyoizoea?

Katika nchi za Ulaya na Marekani, swali hilo hujibiwa sebuleni. Familia inao mtambo wake wa kuchezea, mzazi anao mfuko wake, naye mtoto anayo orodha yake ya gemu anazozitamani. Mukuru kwa Njenga mambo ni mbali na hayo. Mtambo ni mali ya mwenye kibanda. Yeye ndiye aliyenunua runinga, PlayStation na pedi zake mbili, na ndiye alipiaye kodi na stima. Akinunua diski moja, amewachagulia watoto wa ploti nyingi. Mtu huyo mmoja, ambaye hakuna aliyempa kazi hiyo, ana usemi juu ya saa za mapumziko za vijana wetu kuliko mwalimu mkuu.

Wala tusiwahukumu watoto kwa kwenda huko. Mukuru imebanwa kati ya viwanda vya Industrial Area na mitaa ya Embakasi, na Mto Ngong wapita kando yake. Mwezi Agosti mwaka wa 2017, Kaunti ya Nairobi iliitangaza Mukuru kuwa eneo la mipango maalum, kwa kuwa msongamano wa nyumba ulikuwa umezidi kiasi. Mwishoni mwa mwaka wa 2021 ubomoaji uliwaacha maelfu ya wakazi wa Kwa Njenga bila makao, na mwaka wa 2024 mafuriko yakawakumba walioishi karibu na mto. Mahali ambapo nafasi ya nyumba hugombewa hivyo, nafasi ya uwanja itatoka wapi? Mtoto asiye na uwanja wa kuchezea kandanda ataicheza kwenye runinga. Hilo ni jambo la kueleweka.

Lisiloeleweka ni sisi watu wazima kuacha uchaguzi wa gemu utawaliwe na nguvu moja tu, nayo ni hesabu ya shilingi 20.

Tuifanye hesabu hiyo wazi, jinsi mwenye kibanda alivyo nayo kichwani. Gemu mpya ya PlayStation 5 huuzwa ng'ambo kwa dola 70 hivi za Marekani, yaani takribani shilingi 9,000 za Kenya. Tuchukulie kwamba mechi moja humwingizia shilingi 20, nayo huchukua dakika kumi. Itambidi auze mechi 450 ili kurudisha bei ya diski moja. Hizo ni saa 75 za runinga kuwaka, kabla hajalipia kodi wala tokeni za stima. Mtu mwenye hesabu kama hiyo hawezi kununua gemu kwa kuwa ni nzuri. Atanunua ile ikatikayo vipande vya dakika kumi kumi, ichezwayo na wawili wanaoshindana, tena ambayo mshinde ataona uchungu na kudai mechi nyingine hapo hapo.

Gemu za namna hiyo ni mbili: za kandanda na za ndondi na mateke. Hii ndiyo sababu kijana wa Mukuru aweza kukutajia kila mchezaji wa Arsenal au Manchester United na kasi yake, lakini hajui kwamba zipo gemu zenye hadithi, zenye mafumbo, zenye kujenga miji au zenye kuwataka wachezaji wasaidiane badala ya kupigana. Hajazikataa. Hajapata kuziona. Kapunjwa, na hajui kwamba kapunjwa.

Gemu za kandanda zenyewe zinahitaji kutazamwa kwa jicho la mnunuzi mwerevu. Kampuni ya Electronic Arts ilianza kutoa gemu ya FIFA mwaka wa 1993, na ikatoa nyingine karibu kila mwaka hadi FIFA 23 iliyotoka mwaka wa 2022. Tangu mwaka wa 2023 gemu hiyo huitwa EA Sports FC. Mabadiliko makubwa ya mwaka hadi mwaka huwa ni majina ya wachezaji waliohama, jezi, na marekebisho ya hapa na pale. Diski iliyonunuliwa kwa bei ya juu mwezi wa Septemba hushuka thamani pindi mpya itokapo mwaka ufuatao. Gemu ya hadithi haizeeki hivyo. Bei yake hushuka, lakini hadithi hubaki ile ile, kama riwaya iuzwayo kwenye vitabu kuukuu vya kando ya barabara. Kwa mtu mwenye mfuko mwepesi, ushauri ni rahisi: aache kukimbilia diski ya mwaka huu, atafute gemu njema ya miaka iliyopita.

Kuna na suala la umri. Marekani ilianzisha utaratibu wa kuziwekea gemu alama za umri mwaka wa 1994, baada ya mabishano makali katika Seneti kuhusu umwagaji damu wa gemu kama Mortal Kombat. Ulaya ilianzisha wake, uitwao PEGI, mwaka wa 2003. Tarakimu 3, 7, 12, 16 au 18 huchapwa kwenye jalada ili mzazi ajue. Grand Theft Auto: San Andreas ya mwaka wa 2004, ambayo vijana wengi wa Nairobi waijua kwa moyo, ina alama ya 18. Lakini diski iliyonakiliwa huja bila jalada, na alama ya umri hubaki kwenye jalada. Hivyo mtoto wa Gredi ya 5 huketi mbele ya gemu ya watu wazima, na hakuna aliyemdanganya wala aliyemwonya.

Hapa nchini kitabu cha kiada hakiingii darasani kabla ya kuidhinishwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD. Filamu nayo huainishwa kwa umri na bodi iliyowekwa kwa kazi hiyo. Je, si ajabu kwamba gemu, ambayo mtoto huikodolea macho kwa saa nyingi kuliko filamu yoyote, humfikia bila mkono wa mlezi hata mmoja kuigusa?

Wapo watakaosema kwamba gemu ni gemu tu, na kwamba mwalimu aliyeelemewa na mitihani na madarasa yaliyofurika hana wakati wa kujadili michezo. Hoja hiyo ina uzito, lakini yasahau kitu kimoja. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka wa 2019, unataja ujuzi wa kidijitali na fikra tunduizi miongoni mwa umilisi wa kimsingi ambao kila mwanafunzi apaswa kuupata. Mwanafunzi wa Mukuru ambaye shule yake haina kompyuta ya kutosha anao mtambo wa kidijitali hatua chache kutoka kwao, na tayari huugusa kila wiki. Kumfundisha kuuchagulia gemu ni somo lililojileta lenyewe mlangoni.

Walimu wa Kiswahili nao wana sababu yao ya pekee. Mwezi Aprili mwaka wa 2024 ilitoka gemu iitwayo Tales of Kenzera: Zau. Mtunzi wake ni Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, aliyeitunga kutokana na msiba wa babake. Shujaa wake, Zau, ni mganga kijana anayefanya mapatano na Kalunga, mungu wa mauti, ili arudishiwe baba yake. Hadithi hiyo imechota kutoka katika ngano za Wabantu, na mchezaji akitaka aweza kuisikia ikizungumzwa kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Gemu ya mtambo wa kisasa, yenye lugha yetu na mila zetu, sasa ipo duniani. Ni wanafunzi wangapi wa Mukuru kwa Njenga waliokwisha kuisikia?

Jibu linarudi kwenye ile hesabu. Zau huchezwa kwenye mitambo mipya kama PlayStation 5, ambayo ni nadra mtaani, na kuimaliza huchukua saa nane hivi. Kwa bei ya shilingi 20 kila dakika kumi, mtoto angelipa karibu shilingi 960. Hana. Mwenye kibanda naye hawezi kumpa kijana mmoja runinga kwa saa nane ilhali foleni yamngoja nje. Hakuna mwenye hila hapa; ni hesabu tu isiyokubali. Nasi tukitaka matokeo mengine, hatuna budi kuibadilisha hesabu yenyewe.

Hili lawezekana, tena bila kungoja serikali. Chukua mfano wa Journey, gemu iliyotoka mwaka wa 2012 kwa PlayStation 3 na baadaye kwa PlayStation 4. Haina maneno wala bunduki, ni safari ya msafiri jangwani kuelekea mlimani, na huisha kwa takribani saa mbili. Kwa bei ya kibanda, saa mbili ni shilingi 240. Wanafunzi 12 wakichanga shilingi 20 kila mmoja, wakapeana pedi kwa zamu, wataiona safari yote kutoka mwanzo hadi mwisho kwa gharama ya mechi moja tu. Mwenye kibanda hajapoteza hata senti. Kisha mwalimu wao aweza kuwatungisha insha juu ya maudhui, mandhari na mhusika mkuu, kama afanyavyo kwa riwaya teule.

Zipo pia gemu zinazoafiki vipande vifupi bila kuhitaji mtu apigwe. Overcooked ya mwaka wa 2016 huwaweka hadi wachezaji wanne katika jikoni moja, na raundi yake huisha kwa dakika chache. Wasiposikilizana, chakula huungua na wote hushindwa. It Takes Two ya mwaka wa 2021 haichezwi ila na watu wawili wanaosaidiana. Pedi mbili za kibanda zatosha.

Hivyo basi, twapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila shule ya Mukuru iliyo na chama cha wanafunzi ikipe kazi ya kuandaa orodha ya gemu tano za muhula, pamoja na umri unaofaa, muda wa kuimaliza na idadi ya wachezaji. Pili, walimu na wazazi waende kwa mwenye kibanda kwa heshima, si kwa vitisho, wamwombe alasiri moja ya wiki iwe ya gemu za orodha hiyo, kwa malipo yale yale. Ni mfanyabiashara, akihakikishiwa wateja, ataitika. Tatu, vibanda visiwe uwanja wa kamari. Kuwekeana dau juu ya mechi ya runinga ni kamari, na sheria za Kenya haziruhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari.

Nanyi wanafunzi, neno letu kwenu ni hili. Kabla ya kutoa shilingi 20 ijayo, jiulizeni: je, gemu hii yanifaa kwa umri wangu? Ina mwisho, au imetungwa ili nisiweze kuiacha? Je, nitakuwa nimejua kitu nikiinuka? Shirika la Afya Duniani liliutambua uraibu wa gemu kuwa maradhi katika orodha yake iliyoanza kutumika Januari 2022. Dalili zake ni mtu kushindwa kujizuia, kuipa gemu kipaumbele juu ya mambo mengine yote, na kuendelea hata anapoona madhara. Anayechagua anachocheza, na akajua ataacha lini, yu mbali na maradhi hayo. Anayecheza kwa kuwa ndicho kilichowekwa yu karibu nayo.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Walikuwa wakimwonya mvivu anayetafuta kisingizio cha kutolima. Lakini hata mkulima hodari hapandi kila mbegu aliyoikuta gulioni. Huiuliza bei, huiuliza msimu, huiuliza na ardhi yake. Wakati wa watoto wetu ni ardhi, tena haba kuliko ardhi ya Mukuru yenyewe. Tukikataa kuwasaidia kuchagua kinachopandwa humo, tusije kushangaa siku ya mavuno.