Kedi Asiyefundishwa Anauza Ua

Mkulima wa Bukoba au Muleba hahitaji kuelezwa maana ya butura. Kahawa huuzwa ingali mtini, pengine ingali ua, kwa bei ya shida ya leo. Msimu ukifika, aliyelima humtazama mwenzake akianika. Tunailaani butura shambani, lakini kijana wetu akienda Dar es Salaam au Arusha kutafuta kazi ya kedi, anayembebea mchezaji begi la fimbo kwenye viwanja vya gofu, tunaikubali bila kujua. Wengi wanaamini kwamba kedi ni mbeba begi tu: awe na mabega na miguu, mengine atayaokota humo humo. Imani hiyo ni potofu, na anayeigharimia zaidi ni kijana mwenyewe, kwa sababu kazi ikiitwa ya mabega hulipwa kwa bei ya mabega.

Kanuni za gofu zenyewe zinaikanusha. Kedi akikosea, adhabu humwangukia mchezaji. Mwaka 2001, siku ya mwisho ya mashindano ya wazi ya Uingereza, Ian Woosnam alikuwa miongoni mwa walioongoza. Alipofika shimo la pili, kedi wake aligundua kuwa begi lina fimbo 15, wakati mwisho ni 14. Mikwaju 2 ya adhabu ikaongezwa, na ubingwa ukaenda kwa David Duval. Mabega ya kedi yule hayakuwa na kasoro. Kilichokosekana ni kuhesabu. Tangu 2019 muda wa kutafuta mpira umepunguzwa kutoka dakika 5 hadi 3, na kedi haruhusiwi kusimama nyuma ya mchezaji anapojipanga kupiga. Mambo hayo hayaokotwi njiani; hufundishwa, kisha yapimwe kwa mtihani.

Wapo watakaosema kuwa wakongwe walijifunza kwa kutazama, na wamekuwa hodari. Ni kweli, ila tunawahesabu waliofaulu na kuwasahau waliofukuzwa wiki ya kwanza kwa kosa ambalo hakuna aliyewaonya. Wengine watahofu kwamba mtihani utawafungia nje wasiosoma. Hilo hutegemea aina ya mtihani. Muonja kahawa hupimwa kwa kikombe, si kwa insha. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, nayo ina utaratibu wa kumpima na kumpa cheti fundi aliyejifunzia kazini. Kedi mpya naye apewe begi na mashimo 9, ahesabu fimbo, autafute mpira majanini, asawazishe mchanga. Mkongwe mmoja na mchezaji mmoja wampe alama, kila mtu kivyake. Wakipishana sana, apimwe tena. Akifaulu apewe daraja, na ujira ufuate daraja.

Kwa hiyo, mzazi wa Kamachumu au Katerero, kabla hujatoa nauli, uliza mambo matatu: klabu hiyo inafundisha kwa siku ngapi, inapima nini, na aliyefaulu hupata nini zaidi ya asiyefaulu. Ikikosa majibu, ujue inanunua ua.