Maili za Ndege ni Mali ya Nani?

Wakazi wa Nakuru na viunga vyake hawahitaji kufunzwa maana ya pointi. Maduka ya Nakumatt, Tuskys na Naivas, ambayo yalikuja kuenea nchini, yalichipuka katika sehemu hizi: la kwanza lilipata jina lake kutokana na biashara ya magodoro mjini Nakuru, la pili lilianzia Rongai, na la tatu Naivasha. Mnunuzi wa Nakumatt alipewa kadi, akajikusanyia pointi, na siku ya haja akazikomboa kwa bidhaa. Safaricom nayo ikaleta pointi za Bonga mwaka 2007, na hata mwanafunzi asiye na kitu mfukoni akajua kuzigeuza kuwa dakika za maongezi. Hakuna aliyepata kuuliza pointi hizo ni za nani. Fedha zilitoka kwa mnunuzi, na tuzo ikamrudia yeye.

Mambo hubadilika sura pale mtu anapopanda ndege kwa nauli iliyolipwa na mwingine.

Mpango wa kuwatuza abiria wa mara kwa mara ulishika kasi baada ya American Airlines kuanzisha wake mwaka 1981. Kila safari humwingizia abiria maili katika akaunti yenye jina lake, na zikitimia kiasi fulani hupewa tikiti, ingawa kodi na ada za uwanja bado atazilipa, au husogezwa daraja la juu na kukaribishwa katika ukumbi wa wateule. Kenya Airways kwa miaka mingi iliwatuza wasafiri wake kupitia Flying Blue, mpango wa Air France na KLM, kabla ya kuanzisha wake wenyewe uitwao Asante Rewards.

Hapo zamani maili zilihesabiwa kwa umbali. Siku hizi mashirika mengi, Delta tangu mwaka 2015 na Flying Blue tangu 2018, huzihesabu kwa fedha zilizolipwa: tikiti ikiwa ghali, maili huwa nyingi. Kwa anayejilipia hakuna neno, maana uchungu wa bei na utamu wa tuzo vyote ni vyake. Lakini mtumishi wa umma anayesafiri kwa fedha za kaunti, wizara au chuo kikuu hupata utamu peke yake. Uchungu ni wa mlipa kodi: mwalimu wa Njoro anayekatwa mshahara kila mwezi, na muuza viazi wa Molo anayetozwa ushuru wa soko. Mtumishi huyo anapoambiwa achague kati ya tikiti mbili, nafsi yake itamvuta wapi? Simtuhumu mtu. Nasema tu kwamba tumemwekea asali mdomoni kisha tukamwomba asirambe.

Wako watakaosema kwamba maili ni zawadi ya shirika la ndege kwa abiria, wala hazihusiani na serikali. Haya, na iwe hivyo. Ibara ya 76 ya Katiba ya mwaka 2010 inasema kwamba zawadi anayopewa afisa wa dola katika shughuli rasmi ni zawadi kwa Jamhuri, na sharti ikabidhiwe serikali isipokuwa sheria ya Bunge imeruhusu vinginevyo. Magavana na madiwani ni miongoni mwa maafisa hao. Wengine watasema si zawadi, bali ni punguzo la bei kwa mteja mwaminifu. Hilo nalo halimwokoi msafiri, kwa kuwa punguzo ni haki ya aliyelipa bei. Ukilitazama upande wowote, halielekei mfukoni mwa afisa.

Wenzetu wamekwisha kulipambanua jambo hili, kila taifa kwa njia yake. Nchini Ujerumani, mwaka 2002, Gregor Gysi alijiuzulu wadhifa wake wa uwaziri wa uchumi katika serikali ya jimbo la Berlin kwa sababu maili alizochuma katika safari za ubunge alizitumia kwa safari zake binafsi. Marekani ilifuata njia nyingine. Maili za watumishi wa serikali kuu zilikuwa mali ya serikali, lakini kuzikusanya kukawa kazi ngumu, hata mwishoni mwa mwaka 2001 sheria ikawaruhusu wajiwekee. Mimi naona Marekani ilichoka mapema. Ugumu wa kuhesabu haujapata kuwa sababu ya kumwachia mtu mali isiyo yake. Na leo, salio la maili husomwa kwenye simu kwa dakika moja.

Kanuni ninayoipendekeza kwa kaunti zetu na vyuo vyetu, Egerton kikiwemo, haihitaji hata kamati. Anayeomba masurufu ya safari aandike salio lake la maili za safari rasmi, nazo zitumike kwanza kupunguza gharama ya tikiti inayofuata ya kazi. Pale ambapo shirika la ndege linaruhusu maili kumnunulia mtu mwingine tikiti, na mengi huruhusu, zimpeleke mwanafunzi aliyealikwa kwenye kongamano au mashindano akakosa nauli. Walimu wanajua ni wangapi huachwa nyuma kwa sababu hiyo.

Nitajibiwa kwamba hizi ni senti tu. Huenda. Lakini hata jiji la Nakuru, lililopata hadhi hiyo tarehe 1 Desemba 2021, lina maafisa ambao huteremka kilomita 160 hivi kwa barabara hadi Nairobi, kwa gari na mafuta ya umma, wakapande ndege kwa nauli ya umma. Hesabu ya nauli hutolewa kwa shilingi, na Msimamizi wa Bajeti huzitangaza. Maili hazitangazwi, na katika mipango mingi zina tarehe ya kuisha.

Katiba inataka wananchi washirikishwe katika bajeti ya kaunti, na vikao hivyo huwa wazi kwa kila mtu. Mwalimu atakayehudhuria kijacho na aulize maswali matatu: maili ni ngapi, zimo katika akaunti ya nani, na zitaisha lini.