Daftari la Daktari Anayejifunza

Mzazi aambiwapo kwamba mwanawe atapasuliwa ngiri na daktari kijana anayesomea ubingwa, swali la kwanza limjialo moyoni ni hili: je, mwanangu ndiye wa kwanza kwake? Hapa Bujumbura hospitali ya Kamenge ni ya kufundishia madaktari wa Chuo Kikuu cha Burundi, kwa hiyo si ajabu kumkuta daktari wa namna hiyo kando ya kitanda cha mgonjwa wako. Swali hilo ni la haki, nalo lastahili jibu.

Daktari huyo amekwisha kuhitimu udaktari. Sasa anajifunza upasuaji chini ya mabingwa, na ufundi wa kisu haupatikani vitabuni. Ndiyo sababu hutakiwa kuweka daftari la kila upasuaji alioshiriki: tarehe, mahali, aina ya kazi na, lililo kubwa kuliko yote, nafasi yake. Je, alisaidia tu? Alipasua huku bingwa amesimama naye mezani? Au alipasua peke yake?

Zamani daftari lilikuwa la karatasi. Sisi tuliosomea ualimu twaijua tabia ya madaftari hayo: mkaguzi akitangazwa kuja Jumatatu, wapo wanaojaza maandalio ya muhula mzima Jumapili, kwa kalamu moja. Tena karatasi hulowa, hupotea, na mtu aliye mbali hawezi kuisoma.

Umbali huo si jambo dogo. Chuo cha Wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kiitwacho kwa kifupi COSECSA, kilianzishwa mwaka 1999. Makao yake yako Arusha, na Burundi ni mwanachama. Hakina madarasa yake. Wanafunzi hujifunzia katika hospitali zilizoidhinishwa nchini mwao, na anayesomea upasuaji wa jumla hutumia miaka 5. Arusha wangejuaje kijana wa Burundi amefanya nini, na wa Malawi amefanya nini? Kwa kushirikiana na Chuo cha Kifalme cha Wapasuaji cha Ireland, COSECSA ilianzisha daftari la kielektroniki. Mwanafunzi hulijaza kwa kompyuta au simu, msimamizi huthibitisha, na asiye na daftari lililokamilika haruhusiwi kufanya mtihani.

Faida yake moja haisemwi sana. Ikiwa kijana ametimiza mwaka wa tatu na daftari lake limejaa ngiri tupu, bila mfupa hata mmoja uliovunjika, pengo hilo huonekana mapema naye aweza kupelekwa penye kazi hiyo.

Lakini chombo hiki hakijui kusema kweli chenyewe. Umeme ukikatika, au kijana akichoka baada ya zamu ya usiku, huahirisha kuandika. Baada ya majuma mawili anaandika akikumbukacho. Na msimamizi mwenye haraka huweza kuthibitisha kurasa ishirini bila kuzisoma. Hapo tumerudi kwenye Jumapili ya mwalimu, tofauti ni kioo cha simu tu. Tena hesabu haisemi kama kidonda kilipona vizuri. Kwa maoni yangu, uthibitisho wa siku ileile una thamani kuliko idadi kubwa. Jina la mgonjwa halina kazi humo, namba yatosha.

Wewe mzazi hutaonyeshwa daftari hilo. Waweza, hata hivyo, kumwuliza daktari kwa adabu: upasuaji huu umeufanya kwa mikono yako mara ngapi? Nani anakusimamia? Naye atakuwamo chumbani au nyumbani kwake? Daktari mwema hakasiriki. Ulizeni kabla ya kutia sahihi karatasi ya ridhaa, mtoto akiwa bado hajapewa dawa ya usingizi.