Mwacheni bundi alale

Mpiga picha anayewapa watoto wa Pap Onditi, huku Nyakach, shilingi hamsini wautikise mti ili bundi aruke amemdhuru ndege huyo hata kabla ya kuinua kamera. Hatuna maneno laini kwa jambo hilo.

Bundi mdogo mwenye vishungi ana urefu wa sentimita 16 hivi. Mchana kutwa hulala ameegemea shina, rangi yake na ya gome la mti hazitofautiani. Akihisi hatari haruki upesi: hujinyoosha akawa mwembamba, huvisimamisha vishungi na kuyafumba macho yakabaki michirizi tu. Picha ya namna hiyo husifiwa sana, ilhali ndege aliyemo ana hofu. Ukimwona hivyo umeshasogea mno. Rudi nyuma.

Kucheza sauti yake kwenye simu ni kosa lile lile. Dume hudhani mpinzani amevamia eneo lake, akaacha kuwinda na kuja kugombana na spika. Msimu wa makinda, usiku wa namna hiyo ni usiku wa njaa kiotini.

Kule kwenye msitu wa Arabuko-Sokoke, Kilifi, yuko bundi mdogo aliyetambuliwa na wanasayansi katika miaka ya 1960, na mbali na msitu huo anajulikana pia Usambara Mashariki, nchini Tanzania. Waongozaji wa huko huitafuta kwa miguu miti anayolala, na ujuzi huo ndio mgeni anaoulipia. Vijana wa Nyakach nao wanaweza kuishi kwa kazi hiyo.

Lakini huku kwetu kuna hatari ambayo kamera haiioni. Tula, yaani bundi, akilia karibu na boma, wengi husikia habari ya msiba, na mawe huokotwa. Anayekusanya umati chini ya mti, au anayetangaza mtandaoni mti wenyewe uko wapi, anamkabidhi ndege kwa wenye mawe. Machifu na walimu waseme wazi barazani na darasani: bundi hawa wadogo hula panzi, mende na vipanya, wala hawajamwua mtu.

Msimamo wetu ni huu. Mwenye shamba aombwe ruhusa kwanza. Tawi lisikatwe, flashi isiwashwe, kiota kisisogelewe. Picha ya bundi aliyefurushwa mtini haitachapishwa katika gazeti hili, hata ikiwa nzuri kiasi gani, na tunalitaka Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) lipeleke maofisa wake Nyakach wazungumze na wenyeji kabla wageni hawajaongezeka.