Tusizibe Kabla ya Kutafuta

Kwa masika mawili mfululizo motokaa ya mwalimu wetu mmoja ilijulikana hapa shuleni kwa mambo mawili. La kwanza ni uzuri wake, maana ni Morris Minor ya paa la turubai ambalo hukunjwa nyuma, nayo yang'aa kama sahani mpya. La pili ni dimbwi la maji lililotokea miguuni pa abiria wa mbele kila mvua iliponyesha. Sisi wa Chama cha Sayansi tulisaidia kuyatafuta maji yale yalikotoka, nami naomba nafasi katika gazeti letu nitoe maoni niliyoyapata katika kazi hiyo. Naamini yawafaa hata wale ambao hawatamiliki motokaa ya namna ile maisha yao yote.

Maoni yangu ni haya: tuna desturi mbaya ya kuziba kabla ya kutafuta. Twaona maji, twanunua gundi, twapaka, kisha twaenda zetu tukiwa na furaha. Mvua ya pili ikinyesha twashangaa.

Pengine msomaji atasema kwamba maji kidogo ndani ya motokaa ya zamani si jambo kubwa. Vaa viatu vya mpira, safari iendelee. La, si hivyo. Morris Minor ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini London mwaka 1948, na aliyeibuni ni Alec Issigonis. Zile za paa la turubai ziliacha kutengenezwa mwaka 1969, kwa hiyo hata iliyo changa kuliko zote imekwisha kupita miaka 50. Motokaa hizi hazina fremu nzito ya chuma chini yake kama lori. Bodi lenyewe ndilo linalobeba mzigo. Katika motokaa yenye paa la bati, paa husaidia kulishika bodi lisijipinde. Chukua kisanduku cha viatu chenye kifuniko kilichogundishwa, ujaribu kukipinda. Kisha ukate kifuniko ujaribu tena. Utaona tofauti mara moja. Motokaa ya turubai ni kisanduku kisicho na kifuniko, na kwa sababu hiyo nguvu zake zimewekwa sakafuni na katika boriti mbili zilizo chini ya milango. Maji yakikaa chini ya zulia, hula mahali hapo hapo. Boriti zikioza, bodi hulegea katikati, milango hukataa kufungika, na jeki hutoboa bati badala ya kuinua. Na ndani ya motokaa hiyo huketi watu. Basi dimbwi lile halikuwa jambo la viatu tu.

Sasa nieleze yaliyotokea. Kwa kuwa maji yalikaa mbele, kila aliyeyaona alihukumu kwamba yaingia kwa kioo cha mbele. Fundi aliitwa. Alipaka silikoni kukizunguka kioo chote, na kwa ukarimu wake akaziba pia kila tundu aliloliona chini ya milango, ili, kama alivyosema, maji ya barabarani yasirukie ndani. Alilipwa jioni ile ile. Mvua ilipokuja, dimbwi lilikuwa kubwa kuliko kwanza.

Hapo Mwalimu akatuambia tuanze upya, tena tuanze kwa kuuliza maswali. Swali la kwanza lilikuwa hili: je, maji haya ni ya mvua kweli? Katika motokaa yenye hita, maji ya rejeta hupita ndani ya hita chini ya dashibodi, na mpira wake ukipasuka humwaga mahali pale pale penye miguu. Tulifuta dimbwi kwa kitambaa cheupe. Maji hayakuwa na rangi, wala harufu tamu, wala utelezi wa dawa itiwayo katika rejeta. Tena katika majuma ya jua kali halikuonekana tone. Tukakubaliana kwamba ni mvua.

Kisha tulitoa zulia na sponji iliyo chini yake, tukaanika juani siku mbili. Kazi hii watu huiruka, na kumbe bila ya kukausha huwezi kujua kama tone unaloliona ni la leo au la juma lililopita. Tulitandika magazeti makavu sakafuni, maana gazeti huonyesha kila tone. Mmoja wetu aliketi ndani na tochi, paa likiwa limefungwa. Mwingine alisimama nje na mpira wa kumwagilia bustani, maji yakitoka polepole bila ya nguvu. Tulianza chini tukapanda juu, mahali pamoja kwa wakati mmoja, kila mahali dakika kumi. Ukianzia juu, maji hushuka yakalowesha vyote vilivyo chini, nawe hutajua ni kipi kilichovuja.

Tulimwagilia kioo cha mbele: magazeti makavu. Tulipaka chaki mpira wa mlango, tukafunga na kufungua: chaki ilijichapa juu ya bati pande zote, ikaonyesha kwamba mpira unagusa sawasawa. Tukafikia kioo cha mlango. Dakika kumi zikapita, hakuna kitu. Wengine tulitaka kusonga mbele, na mimi nilikuwa mmoja wao, lakini Mwalimu alisema tungoje. Zilipopita kama dakika ishirini, yule wa ndani alipiga kelele kwamba maji yanatoka chini ya ubao wa ndani wa mlango na kushuka juu ya boriti. Tulipoufungua mlango na kuutikisa, ulisikika kama nazi inapotikiswa. Ulikuwa umejaa maji!

Sababu yake ni nyepesi. Kioo cha mlango hupanda na kushuka, na ule utepe unaokibana hauwezi kuzuia maji yote. Waundaji walijua hivyo tangu mwanzo. Waliyaacha maji yaingie katika tumbo la mlango, yashuke mpaka chini, yatoke kwa matundu madogo. Nyuma ya ubao wa ndani huwekwa karatasi isiyopenya maji ili abiria asilowe. Katika mlango wetu karatasi ile ilikuwa imechanika, na matundu yalikuwa yamezibwa nusu kwa tope la miaka mingi. Fundi alipoyapaka silikoni, aliimaliza kazi ambayo tope liliianza. Na kwa nini dimbwi lilikuwa mbele kabisa? Kwa sababu motokaa hulazwa kwenye mteremko, pua yake ikitazama chini. Maji yalitoka katikati ya mlango, yakafuata boriti chini ya zulia mpaka mbele. Tuliigeuza motokaa itazame juu, tukamwagilia tena, na dimbwi likahamia nyuma ya kiti. Jaribio hilo halikutugharimu hata senti moja, na lingeweza kufanywa siku ya kwanza.

Tulikwangua silikoni kwa kijiti cha mti ili tusiharibu rangi, tukazibua matundu, tukagundisha karatasi mpya ya nailoni nyuma ya ubao. Tulipomwagilia tena, maji yalimiminika chini ya mlango kama bomba, na magazeti ndani yakabaki makavu.

Katika haya nimejifunza mambo matatu. Kwanza, dimbwi ni shahidi asiyeaminika. Husema maji yalipofika, halisemi yalipotoka. Pili, si kila tundu ni adui. Hata Mazda MX-5 ya kwanza, iliyotoka mwaka 1989, ina njia za maji nyuma ya viti, moja kila upande, ambazo hupokea maji ya turubai na kuyatoa chini ya motokaa. Majani makavu yakiziba njia hizo, maji hufurika ndani, na mwenye motokaa hulaumu turubai lisilo na kosa. Tatu, gundi nayo yaweza kudhuru. Ile silikoni yenye harufu ya siki hutoa asidi inapokauka, na wanafunzi wa kemia hawahitaji kuelezwa asidi hufanya nini juu ya bati lisilo na rangi.

Najua baadhi ya wenzangu watanijibu kwa methali: usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali ni ya kweli, nami siipingi. Lakini yasema tuzibe ufa. Haisemi tupake udongo popote mkono ufikapo. Kwanza sharti ufa uonekane. Wengine watasema dawa ni kuifunika motokaa kwa nailoni mpaka masika yaishe. Hao huyafungia maji ndani pamoja na motokaa, mvuke usipate pa kutokea, kutu ikastarehe na ukungu ukaota juu ya viti.

Wengine tena watamcheka fundi. Mimi sitamcheka, maana kosa kubwa ni letu sisi tunaomwita. Twampelekea motokaa asubuhi, twaitaka alasiri. Twamlipa kwa gundi tunayoiona, hatumlipi kwa saa anazotumia kutazama, kukausha na kungoja. Fundi akisema, "Leo sikuziba kitu, nimetafuta tu," twamwona mvivu, na ujira twaukata. Basi naye, akiwa ana watoto wa kulisha, hutupa kile tulicho tayari kukilipia. Laiti angalilipwa siku moja ya kutafuta, Mwalimu angaliokoa fedha za silikoni, na mlango usingalikaa na maji masika mazima.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili. Wenye vyombo na wakubali kulipa ujira wa kutafuta, uwe mbali na ujira wa kutengeneza. Na katika shule yetu, kazi hii ya kutafuta panapovuja ifundishwe kwa mikono. Vyombo vyake vyote tunavyo: mpira wa bustani, chaki, tochi na magazeti ya zamani. Anayeanza na motokaa atajua kutafuta katika paa la bweni, ambako pia tone huanguka juu ya kitanda cha mmoja na tundu liko juu ya kitanda cha mwingine.

Haya ndiyo maoni yangu. Mwenye maoni mengine na ayalete katika toleo la muhula ujao. Naomba jambo moja tu: kabla ya kuyaziba ya kwangu, atafute kwanza yanapovuja.

— Mwanafunzi wa Kidato cha Nne